Gobore Lililoshiba

Juma lililopita mwalimu wa kemia alimimina asidi kwenye chupa yenye vijiwe vyeusi, akatuambia tufungue madirisha. Hatukuwahi. Kabla mkono wa mtu haujafika kwenye komeo, darasa zima lilikuwa limeshatoa hukumu kwamba Felista amejamba. Felista aliapa kwa mama yake, akaapa kwa Bikira Maria, akataka na Biblia iletwe. Mwalimu akagonga meza. "Ni gesi, ninyi! Gesi inayonuka kama yai viza. Andikeni!" Wenzangu wakaandika huku wamevuta kola za blauzi hadi puani. Mimi peke yangu niliacha pua wazi, nikaivuta hewa ile mpaka tumboni, nikafumba macho.

Felista, ambaye alikuwa anatafuta mtu wa kumhamishia kesi, akaniona. "Mtazameni huyu! Anaifurahia!"

"Inanuka kama nyumbani kwetu," nikasema. Kwa jibu hilo la kijinga nikapata jina ambalo nadhani nitazikwa nalo. Bwenini sasa naitwa Yai. Hata mpishi ananiita Yai, na yai lenyewe hatujawahi kupikiwa hapa.

Sawa. Niiteni. Lakini harufu ile ni ya gobore la baba yangu likioshwa, na mtu akishaisikia utotoni mwake kama nilivyoisikia mimi, haifukuzwi na kola ya blauzi.

Kwetu ni Nambis, huko Mbulu. Watu walipohamishiwa kijijini na nyumba zikapangwa kwa mistari kama madawati, shamba la mahindi la kijiji likawa moja, kubwa, refu hadi kwenye mdomo wa msitu. Waliofurahi kuliko wanachama wote ni nyani. Zamani walihangaika kutoka kwa Petro hadi kwa Yohana wakiokota hindi hapa na hindi pale. Sasa ujamaa uliwaletea chakula chote mezani pamoja. Kijiji kikawa na watu watatu wenye vibali vya bunduki, na baba alikuwa mmoja wao. Gobore lake alilirithi kwa babu. Lilikuwa refu kunizidi, na kitako kilichopasuka kilifungwa kwa ngozi mbichi ya ng'ombe iliyokaukia hapohapo ikawa ngumu kama mfupa.

Nyani wanakuja mchana, wakati watu wamelala kidogo baada ya kula. Tulisikia mlio mmoja, mzito, halafu kelele za nyani zikipanda mlimani, halafu kimya. Baada ya muda baba alirudi na gobore begani. Na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu baba alikuwa na sheria moja tu maishani, na aliirudia kuliko Baba Yetu: bunduki haioshwi kesho.

Hakula kwanza. Hakuvua koti. Mgeni akiwepo alimsalimia kwa kumnyooshea kiwiko, maana mikono ilikuwa myeusi kwa masizi ya baruti. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akaziba kwa kijiti kile kitundu kidogo cha fataki, pale moto unapoingilia, akamimina maji ya vuguvugu mdomoni mwa mtutu, akalitikisa gobore kama mtu anayesukutua kwa niaba ya mwingine, akayamwaga. Maji yalitoka meusi kama kahawa, na harufu ile ikajaa uani mpaka kuku wakahama. Akamimina tena. Yakatoka kama chai. Akamimina tena. Alipoona yanatoka meupe ndipo alipoitisha maji yanayochemka kabisa, akayapitisha mara moja, na chuma kikawa cha moto hata kikajikausha chenyewe kwa ndani. Kisha akafunga kitambaa kwenye mdeki, yaani ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti, akapitisha mpaka kitambaa kikatoka kisafi. Mwisho, mafuta ya mkia wa kondoo, yasiyotiwa chumvi, kidogo sana, kama vile mama alivyonipaka usoni Jumapili.

"Mbona baruti imeshaungua, Baba?" niliwahi kumuuliza. "Kinachooshwa ni nini?"

"Iliyoungua ndiyo mbaya. Ukiiacha ilale humo, asubuhi imeanza kukila chuma."

Mdeki ulikuwa na waya mwekundu wa shaba uliozungushiwa mahali fulani. Ukiuingiza ndani ya mtutu mtupu, waya unakaa sawasawa na mdomo. Ukikomea juu ya hapo, kuna kitu ndani. Baba aliujaribu kila alipomaliza kuosha, akaziba mdomo wa mtutu kwa gunzi la mahindi ili vumbi lisiingie, akaenda kulisimamisha nyuma ya kitanda chao, limegeukia ukutani. Ndipo akaita, "Mama Vero, leta chakula."

Vero ni mimi, kabla sijawa Yai.

Sasa mnisikilize vizuri, maana upumbavu wangu ulikuwa na sababu zake. Gobore lilikuwa na birika lake, jeusi, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuchemshia kitu kingine. Lilikuwa na bakuli lake la bati. Lilikuwa na kitambaa chake na kibuyu chake cha mafuta. Ukigusa vitu hivyo mama alikuchapa kwanza, halafu akakuosha mikono kwa majivu, halafu akakuchapa tena kwa sababu ya majivu yaliyopotea. Gobore halikukaa na watu. Lilikaa peke yake, mdomo umezibwa, uso ukutani.

Na mwaka huohuo nilikuwa namfahamu mtu mwingine anayeishi hivyohivyo.

Shangazi Agnesi, dada mdogo wa baba, alikuwa amezaa mtoto wake wa kwanza na mtoto akakaa duniani siku nne. Mumewe aliendesha trekta kwenye mashamba ya ngano huko Hanang. Alikuja, akazika, akarudi kazini, akakaa kivyake hukohuko. Shangazi akabaki kwenye kijumba nyuma ya kwetu. Kwa desturi yetu sisi Wairaqw, mama aliyepatwa na jambo lile hutengwa kwa miezi. Hashikani mikono na watu, haingii nyumba ya mtu, hachoti maji pale wanapochota wengine, na chombo chake ni chake tu. Jambo lenyewe tunaliita metimani. Katekista alihubiri kwamba ni mambo ya kale na hayafai. Jumapili mama alikubaliana naye kabisa. Jumatatu aliniambia, "Usiguse bakuli la shangazi yako."

Kazi yangu ilikuwa kupeleka uji. Asubuhi na jioni nilibeba kopo hadi kwenye jiwe bapa lililokuwa hatua chache mbele ya mlango wake. Juu ya jiwe alikuwa ameacha bakuli lake. Nilimimina bila kuligusa, nikarudi nyuma hadi kwenye ua wa minyaa, nikapiga kelele, "Shikamoo, Shangazi!" Naye akatoka, akachukua, akaniambia, "Marahaba, mwanangu. Mwambie mama yako ahsante."

Wiki za kwanza ilikuwa hivyo. Halafu siku moja alisema kutoka mlangoni, kabla sijamimina, "Leo usimimine. Nimeshiba."

"Umekula nini?"

"Nimeshiba tu. Rudi nao. Na usimwambie kaka yangu, unasikia? Ahidi."

Nikaahidi. Nilikuwa na miaka sita au saba na hakuna mtu aliyewahi kuniomba ahadi. Mimi niliombwaga maji na kuni tu. Nikaondoka najiona mtu mkubwa, na kopo limejaa.

Lakini uji ule ningeupeleka wapi? Kuurudisha nyumbani ni kuvunja ahadi. Kuumwaga, hilo kwetu halikuwepo: mama angeuona ardhini hata kama ningeumwaga Arusha. Basi nikakaa nyuma ya minyaa nikaunywa. Kesho yake hivyohivyo. Shangazi alisema ameshiba, nami nikaenda nyuma ya minyaa kushiba kwa niaba yake. Baada ya siku kadhaa mama alinishika mashavu, akamwambia baba, "Huyu mtoto ananenepa, sijui anakula mawe!"

Baba akaniangalia akacheka. Mimi sikucheka. Nilianza kuona vibaya. Uji ule haukuwa wangu, ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Nilijua hata kwa akili yangu ya wakati ule kwamba cha msiba huliwa na mwenye msiba.

Jioni moja baba alikuwa ametoka kuosha gobore, baada ya kuua nyani wawili. Nilimtazama akiliziba mdomo, akiligeuza ukutani. Na jambo lote likanijia wazi kabisa, kama vile mtu amewasha koroboi. Birika lake. Bakuli lake. Hakuna kugusa. Watu hawashikani mikono mpaka lioshwe. Limeua, na sasa limekaa peke yake linaomboleza! Na katika miezi yote hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyelipelekea chakula. Maji tu. Maji ya moto na mafuta. Niliwaona watu wazima wote kuwa na roho mbaya.

Kesho yake Shangazi alipokataa tena, nilienda moja kwa moja nyuma ya kitanda. Nikapanda kigoda. Nikatoa gunzi. Nikasema, "Shikamoo," maana lilikuwa la babu, lilinizidi umri. Nikalilisha vijiko vitatu vya uji wa mtama, polepole, lisipaliwe. Uliobaki niliunywa mimi. Kushirikiana ndiko tulikofundishwa. Nikarudisha gunzi.

Likala siku hiyo. Likala ya pili. Likala ya tatu. Halikusema limeshiba, halikunitaka niahidi kitu. Nyani nao, baada ya kupoteza wawili, walitulia huko juu, na baba hakuwa na haja ya kulishika. Kwa hiyo hakuna aliyejua, isipokuwa mimi na lenyewe, na nyumba yetu ikawa na wafiwa wawili: mmoja anayekataa kula na mmoja anayekula kila anachopewa.

Ndipo akaja Afande Mkude.

Alikuwa mshauri wa mgambo, mtu wa Morogoro, mrefu, mwenye kuona baridi. Alivaa sweta mbili na bado alipuliza vidole. Alikuja kukagua silaha za kijiji. Wenye bunduki wote watatu waliitwa mbele ya ofisi, na kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na jambo lingine la kutazama, kijiji kizima kilikuja kutazama. Mimi nilijipenyeza hadi mbele, nikakaa karibu na miguu ya mama.

Bunduki ya kwanza ilikuwa na kutu, mwenyewe akasemwa. Ya pili ilikuwa na buibui ndani, mwenyewe akasemwa zaidi. Ikafika zamu ya baba. Afande akalipokea gobore, akapitisha kidole kwenye chuma, akakitazama kidole. Kisafi. Akanusa kitundu cha fataki. Akawageukia wale wawili.

"Mnaona? Hii ndiyo bunduki ya mtu mwenye akili. Jifunzeni kwa Ndugu Paulo."

Baba akatazama chini kwa haya, lakini nilimwona masikio yake yakifurahi. Afande akatoa gunzi, akachukua mdeki, akauteremsha ndani ya mtutu. Ukashuka, ukashuka, ukasimama. Ule waya mwekundu ulikuwa bado uko juu, vidole vinne vizima juu ya mdomo.

Afande akaunyanyua, akaushusha tena. Tup. Palepale.

"Rudini nyuma," alisema kwa sauti ndogo. "Wote. Watoto nyuma." Akalilaza gobore chini taratibu, mdomo umeelekea mlimani. "Ndugu Paulo, bunduki hii ina mzigo ndani."

"Haina, Afande."

"Mdeki wako mwenyewe. Alama yako mwenyewe."

"Niliiosha siku nilipoitumia. Niliiosha kabla sijala. Nikapima, alama ilikaa sawa."

"Basi baada ya hapo imeshindiliwa. Na kama si wewe, ni nani? Unakaa na bunduki yenye risasi ndani ya nyumba yenye mtoto?" Alinionyesha mimi kwa kidole, na nikatamani kuwa buibui wa ile bunduki ya pili. "Silaha itakwenda Mbulu leo. Na wewe utakwenda nayo ukaeleze."

Watu wakaanza kunong'ona. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatia maziwa, wiki hizo ambazo nyani huyapenda kuliko roho zao. Mzee mmoja akasema, "Afande, ukichukua hiyo, shamba limekwisha. Hizo mbili nyingine nyani wanazicheka." Mwingine nyuma yangu akasema, "Kumbe Paulo ana mambo yake." Nilimsikia vizuri. Mama pia alimsikia, maana mkono wake ulinibana bega.

Baba hakujitetea tena. Alisimama akilitazama gobore pale chini kama mtu aliyesingiziwa na ndugu yake mwenyewe. Alirudia tu, lakini sasa polepole, kama anajiuliza, "Niliiosha kabla sijala."

Nami nilijua. Nilijua tangu ile tup. Lakini nilikuwa nimeahidi, na nikisema habari ya uji wataniuliza uji wa nani, na Shangazi hakuwa na mtu mwingine wa kumwahidi kitu isipokuwa mimi. Nilitazama masikio ya baba. Yalikuwa yamelala.

"Afande, shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Rudi nyuma, mtoto."

"Haina risasi."

"Umejuaje?"

"Imeshiba."

Afande akachuchumaa ili aniangalie vizuri. "Imeshiba nini?"

"Uji."

"Uji!" Akageukia watu, kama anataka kuhakikisha ni Kiswahili kilekile cha Morogoro. "Uji wa nini?"

"Wa mtama," nikasema, maana ndicho alichouliza.

Hakuna aliyecheka bado. Afande akalisogelea gobore kwa ubavu, akapiga magoti, akainama karibu na mdomo, akanusa. Akanusa tena. Uso wake ukafanya kitu ambacho nyuso za maafande hazifundishwi kufanya. "Umechacha," alisema.

Akaagiza maji ya moto. Mama alitoka mbio, akaja na lile birika jeusi lenyewe. Baba akayamimina kwa mkono wake, akasubiri, akatikisa, akamwaga. Kwanza hayakutoka. Halafu yakatoka kwa kishindo kimoja, kama mtoto anayetapika, na donge la rangi ya udongo likaangukia miguuni pa Afande. Mbwa wa jirani akatoka katikati ya watu, akalila lote, akalamba midomo, akakaa kusubiri jingine.

Hapo ndipo kijiji kilipoangua kicheko. Watu walishikana mabega. Mwenye bunduki ya buibui alicheka kuliko wote kwa sababu sasa kulikuwa na mwenye aibu zaidi yake. Afande alitoa daftari, akaweka kalamu juu ya karatasi, akaiondoa. "Nitaandika nini hapa? Silaha imekutwa na chakula?" Akafuta macho kwa mkono wa sweta. Akaingiza mdeki kwa mara nyingine. Waya ukakaa sawasawa na mdomo. Mwisho aliandika kwamba Ndugu Paulo atengeneze kasha lenye kufuli, na akamwambia kwa ukali wa kweli, "Leo ilikuwa uji. Siku nyingine mtoto angetia kitu kingine, na wewe ungeshindilia juu yake baruti, mtutu ukakupasukia usoni. Kasha, wiki hii."

"Ndiyo, Afande," baba alisema. Alikuwa ameokoka, kibali chake kimeokoka, mahindi yameokoka. Lakini hakuwa anacheka. Alikuwa ananiangalia mimi. Akanivuta pembeni, akachuchumaa.

"Vero. Uji ulikuwa wa nani?"

Nikamtazama yule mbwa.

"Mama yako anapika uji wa watu. Kila mtu anakunywa wake. Huu ulikuwa wa nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa kulia, kuanzia siku ya kwanza, na minyaa, na mashavu yangu, na ahadi. Nilitegemea kofi. Mikono ya baba ilining'inia ikidondosha maji, na kicheko cha watu kule nyuma kikawa kama kinatoka kijiji kingine.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Nyingi."

Akanyanyuka. Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alizunguka nyuma, mpaka kwenye lile jiwe bapa, akaweka kigoda karibu nalo, hatua zilezile chache kutoka mlangoni, upande huu ambao desturi iliruhusu. Akawasha moto wa kuni kwa mafiga matatu. Akaweka birika. Akalaza gobore mapajani. Mama alikuja na kopo la uji mpya, akanipa mimi, akaondoka.

"Agnesi," baba aliita.

Mlango haukusogea.

"Sijaja kukusumbua. Bunduki yangu imechafuka, naiosha. Haioshwi kesho, unajua." Akamimina maji. "Vero, msimulie shangazi yako umefanya nini. Kwa sauti. Mimi nina kazi."

Basi nikasimulia, nimesimama kwenye minyaa, naupigia kelele mlango. Mwanzoni nilikuwa nanong'ona kwa aibu ya kuvunja ahadi, lakini ninyi mnanijua, hadithi ikishaniingia mdomoni haitoki kwa adabu. Nikamwigiza Afande na sweta zake. Nikaiga tup ya mdeki. Nilipofika pale aliponiuliza uji wa nini, nikasikia sauti ndani ya kijumba. Ilikuwa kama mtu anayekohoa, kama kuku aliyekabwa. Niliogopa. Halafu mlango ukasogea, na Shangazi akaonekana, amekonda mpaka shuka lilikuwa linamvaa badala ya yeye kulivaa, mkono uko mdomoni, mabega yanatikisika. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alikuwa anacheka.

"Na likala?" aliuliza.

"Lilikula, Shangazi."

"Halikukataa?"

"Hata siku moja."

Akaegemea mwimo wa mlango. Alicheka mpaka ikawa kulia kwelikweli, na akalia mpaka kukawa kimya. Baba hakuinua kichwa. Alitikisa gobore, akamwaga, akamimina. Shangazi akajifuta uso, akatoka polepole hadi kwenye jiwe, akaweka bakuli lake.

"Mimina, mwanangu," alisema. "Nisije nikashindwa na chuma."

Nikamimina bila kuligusa, nikarudi nyuma. Akalichukua, akakaa mlangoni mwake, akanywa funda moja, akapumzika. Akanywa jingine. Alikuwa anakunywa kama mtu anayejifunza. Baba alimwaga maji, akachukua mengine kwenye birika.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na miguu ya baba, naona yanavyotoka. Ya kwanza yalitoka na makapi ya mtama. Ya pili yalikuwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Ya tatu yalikuwa meupe kabisa, mtu angeweza kuyanywa. Baba akamimina ya nne. Akamimina ya tano.

"Baba," nikanong'ona, "limeshatakata."

"Nyamaza," alisema, bila kutazama gobore. Alikuwa anatazama bakuli. "Bado."

Akaongeza kuni.